Barua ya wazi kwa watunga kanuni za chakula: tupimeni kwa hatari, msitupime kwa jengo

Waheshimiwa,

Barua hii naielekeza kwa yeyote mwenye kalamu ya kuandika kanuni za chakula na muhuri wa kuzipitisha: walio wizarani, bungeni, kwenye mabaraza ya miji na wilaya, na kwenye mamlaka za viwango na usalama wa chakula. Naijua safari ya barua za kawaida. Hupokelewa, hugongwa muhuri wa tarehe, kisha hulazwa kwenye faili. Hii nimeiacha wazi ili kila atakayeisoma awe shahidi kwamba ilifika.

Shida yetu ni rahisi kuieleza. Familia yenye shamba dogo ikitaka kumuuzia mlaji mwenyewe mayai, asali, mboga, maziwa, jamu au mkate, mahali pengi duniani huwekwa fungu moja na kiwanda kinachopakia makontena. Fomu ni ileile, ada ni ileile, masharti ya jengo ni yaleyale: vigae ukutani hadi kimo fulani, masinki kadhaa, chumba cha kubadilishia nguo, choo cha wafanyakazi, hata kama wafanyakazi wenyewe ni mume, mke na mwana wao mkubwa. Aliyeandika masharti hayo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kiwanda kichwani. Ombi letu ni kwamba safari hii mwandike mkiwa na shamba kichwani, na mtupime kwa hatari iliyomo ndani ya chakula tunachouza badala ya ukubwa wa jengo kilimotengenezwa.

Niseme kwanza kwa nini tunataka kuuza wenyewe, maana wako wanaodhani ni ukaidi tu, au ni janja ya kukwepa kodi.

Idara ya Kilimo ya Marekani hukokotoa kila mwaka namna dola moja anayoitoa mlaji kununua chakula inavyogawanyika. Fungu la mkulima huwa takriban senti 15. Zilizobaki huishia kwenye usindikaji, ufungashaji, usafiri, maghala, maduka, migahawa, nishati na matangazo. Sitawatukana madalali na wenye maduka kwa sababu ya hesabu hiyo. Wanafanya kazi, na kazi hulipwa. Lakini mkulima anayesimama nyuma ya meza yake anafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mikono yake. Anaosha, anachambua, anafunga, anabeba, anazungumza na mteja, na kisichouzwa kinarudi naye nyumbani. Saa anazokaa mezani ni saa ambazo palizi inamsubiri. Basi malipo ya kazi hiyo yana haki ya kuingia mfukoni mwake.

Kuna na jambo jingine lisiloonekana kwenye hesabu za senti. Matunda yaliyoiva hayasubiri. Mlanguzi analijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana hana haraka ya kutaja bei; kila saa inayopita inamfanyia kazi yeye. Mkulima mwenye mlango mmoja tu wa kuuzia hana bei, ana ombi. Akipata mlango wa pili, hata ukiwa mwembamba, hata ukipitisha sehemu ndogo tu ya mavuno yake, mazungumzo na yule mlanguzi hubadilika kabisa, kwa sababu sasa anaweza kusema hapana na asiozewe. Kwa maoni yangu faida kubwa ya kuuza moja kwa moja iko hapo zaidi kuliko kwenye kile anachopata kwa kikapu kimoja kimoja.

Na wanaohusika si wachache. Watafiti wanaoshirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wamekadiria kwamba mashamba yasiyofika hekta 2 yanatumia takriban asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo duniani, lakini yanazalisha karibu asilimia 35 ya chakula chake. Desemba 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la haki za wakulima wadogo na watu wengine wanaofanya kazi vijijini. Kifungu chake cha 16 kinazitaka serikali ziyaimarishe masoko ya karibu, ya taifa na ya kanda, ili watu hawa wauze mazao yao kwa bei zitakazowawezesha wao na familia zao kuishi maisha ya kutosha. Sizungumzi habari ya hisani, basi.

Sasa nije kwenye usalama, maana najua hapo ndipo kalamu zenu husita, na mna haki ya kusita. Chakula kibaya huua.

Mfumo ambao viwanda vingi leo huutumia kulinda chakula, ule uitwao HACCP, ulianza miaka ya 1960 nchini Marekani, katika kuandaa chakula cha wanaanga. Mtu akiharisha angani hakuna zahanati ya kumkimbiza. Msingi wa mfumo huo ni mzuri sana, na hushangaza kuona watu wakiutaja ili kutufungia mlango, ilhali ukiusoma vizuri unatutetea. Unauliza maswali mawili. Katika chakula hiki hasa, hatari iko wapi? Na ni hatua ipi ambayo ukiishika vizuri hatari hiyo inazuilika? Habari ya upana wa mlango haimo.

Tuchukue asali. Ikikomaa, na maji yake yasizidi asilimia 20 kama kiwango cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinavyotaka, bakteria hawawezi kukua ndani yake. Hatari inayoogopwa zaidi ni spora (mbegu ngumu) za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopooza mwili, ambazo mtu mzima mwenye afya huzimeza zikapita, lakini zinaweza kumwangusha mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Kinga yake ni sentensi moja kwenye lebo, na mdomo wa muuzaji anapomwona mteja amebeba mtoto mchanga. Vigae haviongezi kitu hapo.

Jamu ya matunda makali nayo inajilinda kwa uchachu wake na sukari yake. Spora hizohizo haziwezi kuota na kutoa sumu penye pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikishuka uchachu huongezeka) ya 4.6 au chini ya hapo, na kipimo cha pH ni kifaa cha kushikwa mkononi ambacho mtu hufundishwa kukitumia asubuhi moja. Lakini chukua mboga zisizo na uchachu, au nyama, uzifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa: hapo tumeingia nchi nyingine kabisa. Spora hizo huvumilia maji yanayochemka kwenye nyuzi joto 100. Ili zife, wasindikaji hutumia mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 hivi. Chupa inaweza kuonekana safi, ikanukia vizuri, na ndani yake mna sumu. Hapo kazeni, tena kazeni sana. Asiye na chombo cha shinikizo na mafunzo yake asiruhusiwe kuuza chakula hicho, awe mkulima mdogo anayependwa na kijiji kizima au kampuni yenye jina kubwa.

Mkate mkavu, nafaka, majani yaliyokaushwa ya chai na viungo: hatari ni ndogo, masharti yawe madogo, tusonge mbele.

Mboga mbichi ndizo zinazonipa shaka, na nashangaa kwamba ndizo ambazo watu huziona hazina neno. Hazipikwi, na kinachozigusa kinamfikia mlaji. Yenye kuzichafua ni maji na samadi. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ichanganywe na udongo angalau siku 120 kabla ya mavuno, ikiwa sehemu inayoliwa inagusana na udongo, na siku 90 ikiwa haigusani. Hiyo ni kanuni yenye akili. Mkulima anaielewa mara moja, anaweza kuifuata bila kukopa benki, na mkaguzi anaweza kuihakiki kwa kutazama daftari na shamba. Kwetu alishafika mkaguzi akapima urefu wa dari ya chumba cha kufungashia na idadi ya madirisha, akaandika, akaaga kwa heshima zote. Hakuuliza maji ya kuoshea mboga yanatoka wapi. Na kama maji yale yangekuwa machafu, wateja wote wangeugua chini ya dari yenye kimo halali.

Kuhusu maziwa najua nitawaudhi baadhi ya wakulima wenzangu. Wapo wanaotaka maziwa mabichi yauzwe huru, na hoja yao ni kwamba mnunuzi ni mtu mzima na ng'ombe amemwona kwa macho yake. Mimi siko upande wao. Kifua kikuu cha ng'ombe na brusela havionekani kwa macho, na anayekunywa mara nyingi ni mtoto ambaye hakuchagua. Nyuzi joto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, zinatosha kuua vijidudu hivyo, na ile njia ya kwanza inawezekana kwa sufuria iliyowekwa ndani ya nyingine yenye maji ya moto, kipimajoto na subira. Ninachoomba ni kwamba mtu anayeifanya hivyo, akiandika joto na saa kila siku, asiambiwe kwamba maziwa yake ni haramu kwa sababu hayakupita kwenye mtambo wa bei ya nyumba. Kipimajoto kikisoma 63 kwenye sufuria na kikasoma 63 kwenye mtambo, vijidudu havijui tofauti.

Kwa mayai na kuku, wapo walioonyesha njia. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusiwa kuwaondolea wajibu wa kugonga alama kwenye kila yai wafugaji wenye kuku wa mayai wasiozidi 50 wanaouza kwenye soko la karibu, mradi jina na anwani ya mfugaji viwekwe wazi pale yanapouzwa. Marekani, sheria ya ukaguzi wa kuku inamruhusu mfugaji kuchinja shambani kwake kuku 1,000 kwa mwaka aliowafuga mwenyewe na kuwauza ndani ya jimbo lake bila mkaguzi wa serikali kuu kusimama pale. Bado analazimika kuchinja kwa usafi, na kuku wake lazima wawe wazima. Mnaweza kubishana kuhusu idadi. Kilicho kizuri ni kwamba idadi ipo, imeandikwa, na mfugaji anajua mstari uko wapi kabla hajauvuka.

Naomba nikae kidogo kwenye tukio moja, kwa sababu linatusema vibaya na linatusema vizuri kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 Ujerumani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa tumbo uliosababishwa na bakteria wa E. coli. Zaidi ya watu 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walikufa. Mwanzoni lawama zilielekezwa kwa matango kutoka Hispania. Yakatupwa, na wakulima wa huko wakapata hasara kubwa kwa kosa ambalo si lao. Baadaye uchunguzi ukafika kwenye shamba la kilimo hai la jimbo la Niedersachsen lililokuwa likiotesha chipukizi za kula mbichi, na wachunguzi wa Ulaya wakahitimisha kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri.

Mkulima mwenzangu anayesema "sisi wadogo hatuna madhara" asome habari hiyo mara mbili. Shamba halikuwa kiwanda, halikutumia dawa, na watu walikufa. Chipukizi huoteshwa kwenye joto na unyevu, hali ileile ambayo bakteria wanaitamani, kwa hiyo ni chakula cha hatari hata kikikuzwa na malaika. Hapo ndipo ninaposema kanuni ifuate chakula. Lakini tazameni pia wiki zilizopotea. Zilipotea kwa sababu mlaji alikula kwenye mgahawa, mgahawa ulinunua kwa msambazaji, msambazaji kwa mwingine, na mbegu zenyewe zilishapita mikono ya wafanyabiashara wa nchi kadhaa. Mteja anayenunua mezani kwetu akiugua, anajua pa kuja. Anajua mlango, anajua uso, na mara nyingi ana namba ya simu. Siku hiyohiyo tunajua ni chungu kipi, ni kitalu kipi, na ni nani mwingine alichukua. Lebo, namba za toleo na makaratasi ya kufuatilia bidhaa vilibuniwa ili kuziba pengo kati ya mzalishaji na mlaji. Kwetu pengo hilo ni upana wa meza.

Hii ndiyo hoja ambayo baadhi ya watunga sheria wameshaikubali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 kuhusu usafi wa chakula inasema mwanzoni kabisa kwamba haihusu kiasi kidogo cha mazao ghafi ambacho mzalishaji mwenyewe anampelekea mlaji wa mwisho, au duka la karibu linalomuuzia mlaji. Kila nchi mwanachama inaachiwa ijiwekee kanuni zake za jambo hilo. Marekani, walipoandika upya sheria ya usalama wa chakula iliyotiwa saini Januari 2011, seneta Jon Tester wa jimbo la Montana, mkulima yeye mwenyewe, alisimamia kipengele kinachowapunguzia masharti mashamba ambayo mauzo yao ya wastani kwa mwaka hayafiki dola 500,000, kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya mauzo yanakwenda moja kwa moja kwa walaji, au kwa migahawa na maduka yaliyo ndani ya jimbo hilo au umbali usiozidi maili 275. Lazima jina na mahali lilipo shamba vionekane kwa mnunuzi. Na shamba likihusishwa na ugonjwa, nafuu hiyo inaweza kuondolewa. Tazameni walichopima: kiasi, umbali, na kujulikana kwa muuzaji.

Huko huko Marekani, majimbo yana sheria za vyakula vya kutengenezwa nyumbani: mikate, biskuti, jamu na vitu vikavu vinavyoweza kukaa bila jokofu. Mara nyingi sharti kubwa ni lebo inayomwambia mnunuzi wazi kwamba jiko lililotumika halikukaguliwa. New Jersey ilikuwa ya mwisho kufungua mlango huo, mwaka 2021. Wyoming ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 kwa sheria ya uhuru wa chakula, ikaruhusu karibu kila kitu mradi mnunuzi ameelezwa. Mimi naona Wyoming wamelegeza mno, kwa sababu nilizozitoa kwenye maziwa. Lakini wazo la kumwambia mnunuzi ukweli na kumwachia uamuzi pale ambapo hatari ni ndogo, hilo ni la heshima kwa pande zote mbili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Brazili. Sheria yao ya kilimo hai ya mwaka 2003 inawaruhusu wakulima wa familia wanaomuuzia mlaji moja kwa moja kutokuwa na cheti cha kulipia, ikiwa wamejiunga kwenye kikundi kinachosimamiana na kilichosajiliwa serikalini, na ikiwa mlaji na mkaguzi wanaweza kuingia shambani na kujionea wakati wowote. Badala ya karatasi ukutani, mlango ulio wazi. Wanakikundi wanakaguana, na hakuna mkaguzi mkali kama jirani anayejua kwamba uongo wako utamharibia na yeye soko.

Sasa niseme tunataka nini, kwa lugha ya kawaida.

Tunataka fungu letu kwenye kanuni, lenye jina lake: mauzo ya moja kwa moja ya shamba la familia. Ndani yake vyakula vigawanywe kwa hatari. Vyenye hatari ndogo viuzwe kwa kujiandikisha tu: mtu anatoa taarifa kwamba anauza, anataja nini na wapi, anapewa namba, anaanza. Vyenye hatari ya kati vidai mafunzo mafupi na daftari. Vyenye hatari kubwa vibaki na leseni na ukaguzi, na hapo tusaidiwe kupata jiko au machinjio ya pamoja, kwa sababu familia moja haiwezi kujenga peke yake lakini familia ishirini zinaweza.

Tunataka dirisha moja. Leo mwenye kuuza jamu anaweza kujikuta anahitaji karatasi ya afya, ya biashara, ya viwango, ya mizani, ya eneo la kuuzia na ya kodi, kila moja kwenye ofisi yake, kila ofisi ikitaka kwanza karatasi ya ofisi nyingine. "Njoo kesho" ina gharama ambayo haimo kwenye jedwali la ada. Kwa kampuni, kesho ni mshahara wa karani. Kwa familia ya shamba, kesho ni siku ya kukamua, ya kumwagilia, ya kuvuna, na hakuna mtu wa akiba. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri nacho kinatembezwa, kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Ada zipangwe kwa mauzo. Ada moja kwa wote huonekana ya haki hadi uigawe kwa idadi ya chupa.

Mkaguzi aje, tena aje bila kupiga hodi akitaka. Lakini safari ya kwanza aje kufundisha, na aondoke akiwa ameandika kwa maneno yanayoeleweka nini kirekebishwe na kwa muda gani. Adhabu ije kwa anayepuuza. Mkulima aliyetozwa faini kwa jambo ambalo hakuwahi kuelezwa hajifunzi usafi. Anajifunza kuuza gizani, na huko gizani ninyi hamwoni kitu wala mlaji hana pa kulalamikia. Kanuni isiyofuatika haifuti biashara, inaificha tu.

Mizani ikaguliwe kama ya kila mfanyabiashara. Hapo hatuombi nafuu yoyote. Kodi vilevile. Wekeni kiwango cha chini ambacho chini yake mtu hasumbuliwi, na juu yake njia rahisi ya kulipa kwa asilimia ya mauzo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wetu daftari tunalo tayari, kwa sababu tusingejua lini kuku wanakula zaidi ya wanachotaga.

Bidhaa zisizo chakula, kama vikapu, sufu, sabuni, mishumaa ya nta na miche, nyingi zinaweza kuachwa kwenye sheria ya kawaida ya biashara. Sabuni iwe na lebo ya vilivyomo, kwa ajili ya wenye mzio. Miche ikaguliwe magonjwa, maana mche mmoja mgonjwa unaweza kuingiza balaa kwenye bustani za mtaa mzima. Zaidi ya hapo sioni la kuwapotezea muda.

Na mkiwa na pesa ya umma ya kununulia chakula, nunueni kwetu pia. Brazili, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu zinazotolewa kwa chakula cha shule zitumike kununua kutoka kwa wakulima wa familia. Shule hununua kwa ratiba, na ratiba ndiyo kitu ambacho soko la mezani haliwezi kutupa. Mvua ikinyesha siku ya soko, wateja hawaji. Wanafunzi wanakula hata mvua ikinyesha.

Najua mtauliza: nafuu hii ikitolewa, nani atamzuia mchuuzi wa jumla asijifanye mkulima? Swali ni la haki, na linatuuma sisi kabla ya kuwauma ninyi. Yuko anayenunua sokoni alfajiri, akavunja makasha, akapaka udongo kidogo, akapanga kwenye vikapu na kujiita shamba la familia. Anatuharibia jina na anatushusha bei. Mfungieni mlango kwa maneno machache: anayeuza awe amelima, amefuga au ametengeneza mwenyewe anachokiuza, au kwa kiasi kidogo kinachotajwa auze cha jirani kwa jina la jirani. Eneo analolima liandikwe kwenye usajili. Ekari moja haiwezi kutoa mizigo ya lori kila wiki mwaka mzima, na mkaguzi anayejua kilimo ataliona hilo kwa kutembea hadi mwisho wa shamba. Atakayekamatwa aondolewe kwenye fungu hili, na jina la biashara yake litangazwe. Hapo hamtasikia mkulima hata mmoja akilalamika kwamba mmekuwa wakali.

Mtauliza pia kama maduka makubwa hayataonewa. Duka linauza kwa maelfu wasiomjua mwenye kuotesha. Shamba linauza kwa makumi wanaomjua. Likitokea shamba likakua hadi likauza kwa maelfu, lipande ngazi, lichukue masharti ya ngazi hiyo, na tutalipigia makofi. Ila ngazi iwe na vidato. Ilivyo sasa ni ukuta: chini yake unauza kwa kujificha, juu yake uwe na mtaji wa kiwanda, na katikati hakuna pa kuweka mguu.

Rasimu ikiwa tayari, iwekeni mahali tunapoweza kuisoma bila kulipia, kwa lugha tunayoizungumza, ikiwa na mifano ya vyakula tunavyouza kweli. Witeni kwenye kikao wakulima wenye meza za kuuzia, wateja wao, na mkaguzi mmoja au wawili wa mashinani ambao viatu vyao vinajua tope. Na tafadhali, kikao hicho kisiwekwe msimu wa mavuno, halafu ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba wakulima walialikwa na hawakutokea.

Wenu,
Mkulima wa shamba la familia, mwenye meza ya kuuzia